Petali Yenye Pengo

Mwezi wa tatu mwaka jana, katika duka moja la zawadi za watalii Mji Mkongwe, Unguja, niliokota kishikio cha funguo nikakitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wa mzazi wake. Kilikuwa kipande cha duara cha ngozi bandia, chenye ua la petali nane lililochomwa kwa rangi ya kahawia. Petali moja, ya juu upande wa kulia, ilikuwa imemeguka ncha. Nikatazama kishikio cha pili: petali ileile. Cha tatu, cha kumi. Kikapu kizima cha maua, na yote yana pengo mahali pamoja.

Pengo lile nalijua. Limo kwenye chapa ya chuma ya mjomba wangu, fundi wa makubadhi, na lilitokea siku chapa ilipomponyoka ikaangukia ukingo wa ngazi ya mawe, kabla mimi sijazaliwa. Najua pia lilivyofika dukani. Mimi ndiye niliyelipeleka, kwa njia ya faili dogo nililoliacha kwenye kompyuta ya karakana moja jijini Dar es Salaam.

Hasira ninayo, na sehemu yake kubwa inanirudia mwenyewe. Lakini mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kazi niliyofundishwa ni kuhakiki. Kwa hiyo nilinunua kishikio kimoja kwa shilingi 5,000, nikakiweka mezani kando ya kubadhi la mguu wa kulia alilolitengeneza mjomba, na kando ya jalada la daftari nililolichonga mwenyewe kwa leza. Vitu vitatu, ua moja. Swali langu ni la kizamani kabisa: kipi kizuri, na kwa nini?

Nianze na mashine, maana wengi wanaihukumu bila kuwahi kunusa moshi wake.

Nilijifunza kuitumia kwa sababu ya kodi ya chumba. Rafiki yangu anashona madaftari, na aligundua kwamba msimu wa mahafali jalada la ngozi lenye jina la mhitimu linauzika kuliko jalada tupu. Yeye ana mkono wa kushona, mimi sina, nikapewa leza. Mashine ni sanduku la ukubwa wa deski la shule, lenye kifuniko cha rangi ya moshi. Ndani yake umelazwa mrija wa kioo wenye mchanganyiko wa gesi, kaboni dayoksaidi ikiwa ndiyo yenye kazi. Umeme ukipita, mrija hutoa mwali ambao jicho haliuoni, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Vioo huupokezana mwali huo hadi kwenye lenzi, na lenzi huukusanya uwe nukta nyembamba kuliko ncha ya kalamu. Nukta ikitua juu ya ngozi, ngozi inageuka moshi papo hapo. Hakuna kisu, hakuna kugusana. Kichwa cha mashine kinakwenda na kurudi, mstari kwa mstari, kama mtu anayefagia uwanja, kikiwasha na kuzima mwali pale faili linapoamuru.

Siku ya kwanza dada aliyetufundisha hakuturuhusu tuguse kitu. Alimwaga vipande mezani akatuambia tuseme kipi ni ngozi. Tulikosa karibu vyote. “Mtu akikwambia hii ngozi, usimwamini,” alisema, akachoma nyuzi za ukingo wa kila kipande kwa kiberiti, mmoja mmoja, atuonyeshe. Ngozi ya mnyama inanuka nywele zinazoungua. Bandia inayeyuka na kudondoka. Na bandia iliyopakwa plastiki ya PVC haitakiwi hata kusogezwa karibu na leza, kwa sababu joto huitoa klorini yake kama gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi: inakula vyuma vya mashine, na mapafu hayana kinga nayo. (Sijui vile vishikio vya dukani vilipakwa plastiki gani. Nikivishika huwa namfikiria aliyesimama juu ya sanduku akivichoma.)

Ngozi ya kweli nayo ina ukoo wake. Iliyo nyingi duniani leo husindikwa kwa chumvi za kromu; ni laini, inastahimili maji, inafaa viti vya magari na viatu vya ofisini, lakini chini ya leza inatoa alama ya kijivu kama jivu la sigara, na joto linaweza kuibadili kromu iwe aina yenye sumu zaidi. Inayoipokea leza vizuri ni ile iliyosindikwa kwa tanini ya magome ya miti. Hiyo inaungua kwa ngazi, kutoka rangi ya asali hadi rangi ya buni iliyokaangwa. Na hapo nilifurahi kidogo, kwa sababu magome ni habari yetu ya siku nyingi: miwati ya Njombe imekuwa ikikamuliwa tanini kwa miongo mingi, na kabla ya hapo magome ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa melini enzi za Wajerumani kwenda kusindika ngozi za watu wengine.

Kisha ikaja adhabu ya miraba. Unachora miraba 25, mitano kwa mitano. Kwenda kulia unaongeza nguvu, kushuka chini unapunguza kasi, halafu unachoma yote na kuangalia. Kwenye kona moja, milimita 300 kwa sekunde kwa asilimia 12 ya nguvu, ngozi ilikuwa imeona haya tu. Kwenye kona ya mkabala, milimita 100 kwa asilimia 45, palikuwa na makaa. Katikati mahali fulani ndipo ulipo mraba unaoutaka, lakini ukibadilisha ngozi unaanza upya. Hata ndani ya ngozi moja ya ng'ombe mmoja nilipata majibu mawili: mgongoni, penye nyama iliyoshikana, alama ilitoka safi rangi ya chai, tumboni, penye ulegevu, ilizama na kingo zake zikajikunja. Nilijifunza kubandika utepe wa karatasi juu ya ngozi ili masizi yasiipake, kuinyunyizia maji kidogo isiungue ovyo, kuwasha feni kabla ya mwali, na kutoondoka kamwe mashine ikiwa kazini, maana inachochezea moto kitu kinachoshika moto.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu msemo “mashine inafanya kila kitu” si kweli. Usikivu upo, tena mwingi. Ila wote unafanyika kabla. Ukishabonyeza kitufe umebaki mlinzi wa moto.

Mjomba naye huilowesha ngozi. Hupitisha sponji, kisha anasubiri rangi ya mwanzo ianze kurudi, halafu anaigusisha shavuni. Ikiwa ya baridi lakini haina majimaji, iko tayari. Anaisimamisha chapa, anagonga mara mbili, pigo zito na pigo jepesi, na ua linabaki. Hakuna kilichoondoka kwenye ngozi. Nyuzi zake zimebanwa tu zikakaa chini, zikakolea rangi kwa kubanwa. Kati ya ua na ua huizungusha chapa vidoleni. Utotoni nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyochezea tasbihi.

Ua lenyewe niliingiza kwenye kompyuta wakati wa likizo moja. Niliipaka chapa masizi, nikaigandamiza kwenye karatasi nyeupe, nikapiga picha, nikaipitisha kwenye Inkscape iigeuze kuwa mistari. Kazi ya dakika ishirini. Pengo lilikuwa linanitazama. Kulitengeneza kungechukua sekunde chache: nakili petali ya jirani, izungushe digrii 45, futa mbovu. Sikulitengeneza. Nilikuwa nimetoka kwenye somo la uhariri wa miswada ya kale ya tenzi, ambako tulifundishwa kutosahihisha mkono wa mwandishi, na nikaona fahari kuwa mwaminifu hivyo. Nilimwonyesha mjomba kwenye simu. Alikuza picha kwa vidole viwili, akasema, “Ndiyo hiyo,” akanirudishia simu. Nikaichukulia kuwa ruhusa.

Jalada la kwanza nililochonga lilikuwa na ua moja katikati, kubwa kama sahani ya kikombe. Lilipotoka kwenye sanduku, na utepe ukabanduliwa, nililia kidogo. Nadhani kila anayejifunza kitu hiki hulia mara moja, kwa sababu ya ukali wa kingo zile. Niliweka faili kwenye folda ya pamoja ili nilitumie wiki ijayo. Kompyuta ni ya wote, hata neno la siri limebandikwa juu ya kioo chake. Nilipokwenda kulalamika baada ya safari ya Unguja, niliambiwa kwa upole kwamba watu wengi hupita pale, na ni kweli wengi hupita.

Turudi mezani, kwenye vitu vitatu.

Nilipoipeleka kesi hii semina, wenzangu walinipa jibu kabla sijamaliza kuieleza: kazi ya mkono ina roho, ya mashine haina. Mmoja akamtaja Walter Benjamin na insha yake ya miaka ya 1930 kuhusu sanaa katika zama za unakili wa kimitambo, kwamba nakala huipotezea kazi ile haiba ya kuwa moja tu, mahali pamoja. Nilikwenda kuisoma upya. Karibu kabisa na mwanzo, Benjamin anakumbusha kwamba Wagiriki walikuwa na njia mbili za kunakili kwa mtambo: kusubu na kugonga chapa. Kugonga chapa! Kwa hesabu hiyo mjomba wangu ni kiwanda. Hajawahi kuchora ua hata siku moja. Anachofanya tangu ujana wake ni kurudia ua lilelile kwa kipande cha chuma alichokikuta kwa mwalimu wake. Tukitafuta kitu cha asili kisicho na nakala, kwenye kubadhi hakipo.

David Pye, fundi wa mbao wa Kiingereza aliyekuwa pia mwalimu, ananisaidia zaidi. Katika kitabu chake cha 1968 kuhusu ufundi, aliutupa mkono pembeni akaweka swali jingine: je, wakati kazi inaendelea, matokeo yake bado yanaweza kuharibika? Yakiweza, huo ni ufundi wa hatari. Yasipoweza, kwa kuwa yameamuliwa kabla, ni ufundi wa yakini. Wala hakusema mmoja ni bora. Chapa iko kati na kati: umbo la ua ni yakini, lakini mahali pake, uzito wa pigo na upande linakotazama ni hatari kila mara.

Sisi wa Kiswahili tulipaswa kulielewa hili bila msaada. Amri Abedi alipoandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliweka mambo mengi wazi kabla mshairi hajashika kalamu: vina hapa, mizani hivi, ubeti uishie pale. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi akatoa Kichomi, na ugomvi wa arudhi ukapamba moto hadi watu wakanyimana salamu kwenye kurasa za magazeti. Waliozitetea sheria walikuwa na hoja moja ambayo mimi, mfuasi wa Kezilahabi tangu kidato cha tano, naikubali sasa kuliko zamani: ukijua mizani kumi na sita inakusubiri, bado kila neno ni la kuamua. Ukuta ulio tayari haumwandikii mtu shairi. Na mbovu wa arudhi tunamjua vizuri: ni yule aliyelijaza umbo akasahau kusikiliza lugha.

Sasa kubadhi. Kila kubadhi la mjomba lina maua 23 kuzunguka kingo na chini ya mkanda. Nililikalia kwa kioo cha kukuzia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa kitu cha nyumbani kwetu, nikalitafuta pengo katika kila ua. Katika maua ya pembeni limegeuzwa nje, likaliwa na mshono. Chini ya mkanda limegeuzwa juu, linafunikwa. Pale ambapo maua mawili yanakaribiana na hakuna pa kulificha, yamegeuzwa yatazamane, pengo kwa pengo, na kati yao kumezaliwa umbo dogo kama kopa ya karata. Kopa hizo nimekuwa nikiziona maishani mwangu mwote nikidhani ni sehemu ya nakshi. Ni sehemu ya nakshi. Kuna wateja, nilikuja kuambiwa, wanaomwomba waziwazi “yale yenye kopa”.

Kwa hiyo sihitaji neno roho. Naweza kuonyesha kwa kidole: hapa, hapa na hapa, mtu aliutazama upungufu wa chombo chake na akaufanyia kazi, mara 23, kila mara akizingatia ua lililotangulia na ukingo uliokuwa mbele yake.

Kishikio cha funguo ni kibaya, na ubaya wake hautokani na leza. Mwali umefanya ulichoambiwa kwa uaminifu wa kutisha. Hata ncha ya petali iliyomeguka ina mkwaruzo wake mdogo uleule. Ubaya ni kwamba hakuna aliyelitazama ua. Aliyelipanga kwenye faili alilibandika mara mia, yote yakielekea upande mmoja kama askari, wakati kulizungusha ni kuandika namba kwenye kisanduku: 45, 90, 135. Programu haikumkatalia. Pengo lingeweza kukaa chini, kwenye tundu la pete ya funguo, lisionekane kabisa. Limeachwa juu kulia kwa sababu ndiko lilikokuwa mimi nilipoipiga picha chapa, huku nimeishika kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo uhakiki unaponigeukia, maana jalada langu lina kosa hilohilo. Ua moja, kubwa, katikati, pengo juu kulia. Nikajisifu kwa uaminifu wa mhariri! Kumbe nilikuwa mwaminifu kwa chuma nikamsahau mwenye kukishika. Kuna jambo jingine nilililopaswa kuliona mapema. Ngozi ile ilikuwa na kovu la mwiba, mstari mweupe wa urefu wa kidole, nami niliikata ngozi kwa namna ya kulikwepa, kwa sababu mchoro ulikuwa umeshakwisha na haukuwa na nafasi ya kovu. Baadaye nilitengeneza jalada la pili. Safari hii niliipiga ngozi picha kwanza, nikaiweka chini ya mchoro kwenye kioo cha kompyuta, nikayapanga maua madogo saba yakifuata kovu, mapengo yao yakiligusa. Ni bora mara kumi. Limechongwa na mashine ileile kwa dakika sita. Lakini hata hilo lina udhaifu ambao sina dawa yake: leza huondoa ule uso wa juu wa ngozi, uliokaza, na mashimo yake yasipofungwa kwa nta hutoa masizi kwenye vidole. Ua la chapa linazidi kung'aa linavyoshikwa. Langu, baada ya miezi mitano begini, limeanza kuchafuka.

Nilimpelekea mjomba kishikio kile barazani kwake, jioni, baada ya siku mbili za kutafuta maneno.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Hawajambo huko Dar?”

“Hawajambo.” Nikakiweka kwenye kiganja chake.

Alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakinusa. Kisha akakisogeza mbali na macho, kama anavyosoma risiti.

“Wamesahau kuizungusha,” alisema.

Nikamweleza yote: faili, folda, kompyuta ya wote. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akiendelea kupitisha uzi kwenye nta.

“Wauza ngapi?”

“Elfu tano.”

“Na hii si ngozi.”

“Si ngozi, mjomba.”

“Ua nimelikuta,” alisema baada ya muda. “Marehemu mwalimu wangu naye alilikuta. Hilo pengo ndilo langu.” Hakusema limeibwa wala halikuibwa. Alikitia kishikio kwenye kopo la misumari, na hadi leo kiko humo.

Nilipokuwa naondoka alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na jozi kumi na nne za soli zilizokwisha kukatwa, namba za saizi zimeandikwa upande wa chini kwa kalamu ya wino, nyingine zimeshafutika. Macho yake hayazioni tena vizuri, na mwezi uliopita alimfungia mteja mguu wa 41 na mguu wa 43. Akauliza kama ile mashine yangu inajua kuandika namba. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi inayoijua kuliko zote.

Nilivuka na mfuko, nikachoma namba kuanzia 39 hadi 45, nikarudi nao mwisho wa wiki iliyofuata. Aliitoa soli moja, akapitisha dole gumba juu ya namba mara mbili, akanionyesha masizi.

“Umeichoma sana,” alisema. “Punguza moto.”

Jozi zilizofuata nilizichonga kwa asilimia 10.